Kidawa na Misonyo Thelathini na Saba

Kidawa Pandu anauza mapazia katika Mtaa wa Jules, Malvern, na katika miaka kumi na moja hajawahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote. Nimemwona akipatana na askari wa jiji juu ya faini iliyokwisha kuandikwa. Nimemwona akipatana na daktari wa meno juu ya idadi ya meno: daktari alitaka kung'oa matatu, wakamaliza kwa moja na dawa ya kusukutua. Meza yangu ya mikanda iko hatua tano kutoka kwake, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Ni mtu wa Unguja, Ng'ambo. Alifika Johannesburg na mumewe Karimu mwaka 2006, kwa nchi kavu, na begi moja la khanga ambazo hapa hakuna aliyezihitaji. Akaziuza kama mapazia, na huko ndiko alikoanzia. Karimu alikwenda Durban mwaka 2012 kutazama kama bandarini kuna kazi, na mpaka leo bado anatazama. Kidawa hamlaumu. Anasema mwanamume aliyeondoka mchana kweupe, na chapati alizofungiwa na mkewe, huwezi kumwita mtoro.

Wana mtoto mmoja, Najma, wa Agosti 2009. Uzazi ulikuwa mgumu, hewa ikachelewa kufika kichwani, na baada ya mwaka mzima wa kuambiwa asubiri kwa kuwa watoto hawafanani, Kidawa akapewa jina la kitu chenyewe: mtindio wa ubongo. Kwa Najma maana yake ni miguu migumu kama vyuma vya pazia, mikono inayokwenda inakotaka, shingo inayogeuka bila kuagizwa, na ulimi usiotoa neno. Masikio hayakuguswa. Akili haikuguswa. Anaelewa Kiswahili cha mama yake, Kiingereza cha wateja na Kizulu cha watoto wa jengo lao, ambacho mama yake mpaka leo hajakiweza.

Shule ya watoto wa namna yake ilikuwa na orodha ya kungojea, na aliye mwisho wa orodha alikuwa yeye. Kwa hiyo alisomea barabarani. Kiti chake cha magurudumu kilikaa upande wa kulia wa meza, na kutoka hapo aliitazama biashara tangu akiwa na miaka mitatu. Mtoto huchukua anachokiona. Watoto wengine mtaani walijifunza nyimbo. Najma alijifunza kusonya.

Nasema msonyo ule tunaoujua sote, hewa na mate yakivutwa baina ya meno na mdomo, ambao kwetu pwani mtoto akimfanyia mkubwa hupigwa kofi kabla haujaisha. Johannesburg nzima husonya; vijana wakiandikiana kwenye simu wameupa mpaka herufi zake, m na x na m. Kidawa huutumia kazini. Mteja akitaja bei ya matusi, hamjibu, anasonya kidogo na kuanza kulikunja pazia. Najma hawezi kutamka "mama", lakini siku moja, alipokuwa na miaka mitano, huo msonyo aliuweza. Mteja, bwana mmoja wa suti, aligeuka kutafuta nani kamsonya, akamkuta mtoto kwenye kiti. Akaongeza bei papo hapo.

Tangu siku hiyo meza ikawa na wauzaji wawili. Najma alikuwa na misonyo ya aina tatu na mtaa wote tuliijua. Mfupi: ongeza. Wa kati, macho yakiwa juu: unanitania. Mrefu wa kukokota: nenda zako. Fundi Théodore, Mkongo wa Bukavu anayepinda mapazia ya Kidawa kwa cherehani yake kwenye kibaraza cha jirani, hakuwa akitia mkasi kwenye kitambaa mpaka mtoto anyamaze.

"Patron amenyamaza," alikuwa akisema, yaani bosi. "Sasa tunaweza kukata."

Machi 2017, muuguzi wa kliniki alimpa Kidawa karatasi. Chuo kimoja kilikuwa kikifanya utafiti wa tiba ya usemi kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Walitaka kujua kama mtoto asiyesema anaweza kufundishwa kuzungumza na watu kwa sauti alizonazo, kwa macho, kwa picha, na baadaye kwa tableti inayosema kwa niaba yake. Mtaalamu kila wiki kwa mwaka mzima, bure. Kliniki ya kawaida ilikuwa ikimpa Najma dakika ishirini kila baada ya miezi mitatu, na nusu ya dakika hizo zilikwenda kutafuta faili.

Masharti yalikuwa mawili. Mtoto awe hajatimiza miaka minane siku ya kuandikishwa. Na katika vipindi vitatu vya majaribio aonyeshe, angalau mara kumi, kwamba anakusudia kumwambia mtu jambo. Halikuhitajika neno, ishara yoyote ilitosha, mradi iwe na nia.

Kidawa alicheka. "Mara kumi? Huyu? Hizo anazimaliza kabla ya chai."

Akamvalisha Najma gauni la Idi, akamsukuma mpaka kwenye teksi, wakaenda. Na huko ndiko adabu ilikoingia kuharibu kazi.

Mtaalamu alikuwa Lufuno, binti wa Kivenda, mpole, mwenye viatu vya raba visivyotoa sauti. Mkuu wa utafiti alikuwa Profesa Viljoen, mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe. Kamera ilisimama pembeni kwa miguu mitatu. Lufuno alishika biskuti mbele ya uso wa Najma, akamwuliza kama anaitaka, akanyamaza sekunde kumi kama utaratibu ulivyoagiza.

Najma aliitazama ile biskuti. Ilikuwa moja. Akasonya, ule mfupi.

Kidawa alihisi uso unamwaka moto. Mezani ni mezani, lakini hapa palikuwa na daktari, na nyuma ya daktari, mzee wa mvi, na mtoto kavalishwa gauni la Idi. Kule Ng'ambo wangeuliza analelewa na nani.

"Samahani, daktari," akasema kwa Kiingereza chake cha kuuzia mapazia. "Mate. Ni mate tu."

Lufuno akaandika. Biskuti ikarudi kwenye kopo, kwa maana utaratibu ulisema kila kitu hutolewa mara moja tu. Ukaja mpira mwekundu. Msonyo. "Mate." Kikaja kidoli chenye nywele za manjano. Msonyo wa kati, macho juu. "Ana mate mengi, daktari, tangu mdogo." Mwishoni akaja Profesa mwenyewe. Akapiga magoti na mvi zake, akamwimbia Najma wimbo wa bata kwa sauti ya kumbembelezea kichanga. Najma alikuwa na miaka saba na nusu, na wiki ile ile alikuwa amempandisha bei mwenye nyumba ya wageni. Akamkokotea Profesa ule mrefu, mpaka mate ya kweli yakatoka. Kidawa akayafuta kwa leso, moyoni akifurahi kwamba sasa kuna ushahidi.

Kipindi cha pili Lufuno aliuliza, kwa sauti ya chini, "Mama, ile sauti. Una hakika ni mate?"

Binti amezaliwa Limpopo na anaishi Johannesburg. Amesonya na kusonywa maisha yake yote. Alijua. Lakini utafiti ulikuwa na kanuni yake: mtafiti haruhusiwi kumtilia mtoto maneno mdomoni. Maana ya sauti huitoa mzazi, kwa kuwa mzazi ndiye anayemjua mtoto.

"Mate," akajibu mzazi anayemjua mtoto.

Kipindi cha tatu akaulizwa tena, akajibu vile vile, na safari hii aliapa.

Barua ilikuja Aprili. Niliisoma mimi, kwa sababu Kidawa husoma bei na tarakimu lakini barua za vyuo zinamwudhi. Ilisema hivi: ishara zenye nia, nne. Zinazohitajika, kumi. Sauti ya mdomo isiyo na nia, mara thelathini na saba. Mama amethibitisha kuwa ni mate. Tunasikitika kukujulisha.

"Soma tena," akasema Kidawa.

Nikasoma tena.

"Nne. Wallahi wamempa mwanangu nne."

Théodore alisimamisha cherehani. "Mama Najma, ngoja kwanza. Hao badaktari, biskuti walimupa ngapi?"

"Moja."

"Moja. Akakatala?"

"Akasonya."

"Sasa wakaongeza ngapi?"

"Hawakuongeza. Wakairudisha kwenye kopo."

Théodore alimtazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka, kicheko cha Kikongo kinachoanzia tumboni. "Aa, mama! Mutoto ya soko unamupa bei ya kwanza, kisha unafunga duka? Anabaki anangojea bei ya pili mpaka leo! Na weye, weye mwenyewe, unawaambia ni mate?"

"Ulitaka niwaambie nini, Fundi? Kwamba mwanangu anamwambia profesa aende zake?"

"Si ndiyo walikuuliza? Wamelipa kamera, wamelipa chumba, wamekuja kuuliza mutoto anasema nini. Anasema. Weye unaziba."

Wakati huo mama mmoja alikuwa ameshika pazia la kijani na kutaja bei yake. Najma akasonya mfupi, mama yule akaongeza, Najma akanyamaza, Théodore akashika mkasi. Yote kwa muda ambao mtu anafungua pochi. Kidawa alimtazama mwanawe kama mtu aliyekuta duka lake limeandikwa "limefungwa" na mwandiko ni wake mwenyewe.

Agosti Najma angetimiza minane. Baada ya hapo hakukuwa na utafiti mwingine wowote tuliousikia, ila zile dakika ishirini na faili lake.

Alimpigia Lufuno simu mchana ule ule. Sikusikia upande wa pili, nilisikia wake tu: "Daktari, ile sauti si mate." Kisha kimya. Kisha: "Ndiyo. Ile. Unaijua?" Alipokata simu alisema, "Anasema alikuwa akiingoja simu hii tangu Machi. Sasa kama alijua, kwa nini asiseme?"

"Aliuliza mara mbili," nikamwambia.

"Mara mbili! Mtu anayetaka kitu huuliza mara mbili tu?"

Kanuni yao iliruhusu mzazi kusahihisha maelezo yake mara moja tu, kwa sharti aketi na Profesa mbele ya picha za kamera na kueleza kila sauti, moja baada ya moja. Nilikwenda kama mkalimani. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu hakuna anayenunua mikanda.

Tuliketi watu wanne mbele ya kioo cha kuonyeshea picha: Profesa na kalamu yake, Lufuno na kompyuta, Kidawa na mtandio wake mpya, na mimi. Najma alikuwa kwenye kiti chake nyuma yetu. Ikaonekana biskuti. Ukasikika msonyo. Lufuno akaisimamisha picha.

"Hapa amesema nini?" Profesa akauliza, kwa heshima zote.

Kidawa alinong'ona, "Mwambie kasema haitoshi."

Nikamwambia. Profesa akaandika. "Kwa hakika ya kiasi gani, kuanzia moja mpaka tano?"

"Tano," akasema Kidawa.

Ukaja mpira. "Haitoshi." Tano. Kikaja kidoli. Kidawa akajifuta jasho. "Mwambie anauliza kama wanamtania." Nikasema. Profesa akauliza kama ni swali au ni kauli. Kidawa akafikiri, maana hilo hakuwahi kuulizwa. "Mwambie ni kauli, ila inavaa nguo za swali." Lufuno akageuka kutazama dirisha, mabega yakimtikisika.

Mwisho ukaja wimbo wa bata. Profesa wa kwenye kioo akapiga magoti, akaimba ubeti mzima, na Profesa wa kwenye kiti akajitazama bila kupepesa. Ukaja ule mrefu.

"Na hapa?"

Kidawa alinishika mkono chini ya meza. "Sema weye, shoga. Mie siwezi. Mtu mzima, na mvi zake."

"Anasema uende zako," nikamwambia Profesa.

Profesa aliandika. Akapiga mstari chini ya alichoandika. "Kwa hakika ya kiasi gani?"

"Tano," akasema Kidawa, akiitazama sakafu.

Tulikaa pale kwa saa tatu. Mwishowe Profesa alisema atahesabu zile tu ambazo kamera inaonyesha mtoto akimtazama mtu au kitu kabla ya kutoa sauti. Zilikuwa kumi na mbili. Ukiongeza zile nne, kumi na sita. Kumi zilikuwa zinatosha. Hapo mtu mwingine angesema asante na kuinuka.

"Kumi na mbili?" akasema Kidawa. "Za mwanangu ni thelathini na saba. Tufanye thelathini."

"Mama, kumi na mbili zinatosha," akasema Lufuno.

"Ishirini na tano, tumalize."

Nilimfinya pajani. Profesa, namshukuru, alidhani hii ni sehemu ya utafiti, akaandika na hilo pia.

Kisha akauliza swali dogo, akiwa anafunga kalamu. "Na sauti yake ya kukubali ni ipi?"

Kidawa alifungua mdomo. Akanitazama. Nami nikatafuta kichwani, mtaa mzima, miaka yote ile, sikuipata.

"Hana," nikasema.

"Hana kwa sababu haitumiki," akasema Kidawa, akijitetea. "Bei ikikubalika watu hunyamaza, pazia linafungwa, basi. Nani anapiga kelele za ndiyo sokoni? Ukionyesha umefurahi, kesho watarudi kukudai punguzo."

Nilitafsiri. Profesa hakucheka. Alisema kwa upole kwamba mtoto aliyebeba "siyo" za aina tatu bila "ndiyo" hata moja atapata taabu siku ambayo kuna anachokitaka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Kidawa alitajiwa kitu na hakuwa na bei ya kurudisha.

Ilibaki kusaini. Karatasi ilisema kwamba Bi Kidawa Pandu alitoa maelezo yasiyo sahihi kwa sababu ya aibu. Akaisukuma kalamu kando.

"Si aibu. Ni adabu."

Nilipoieleza, Lufuno akasema kwamba kwa Kiingereza hakuna neno moja lenye adabu yote ndani yake. Kidawa akasema hilo analiona. Wakavutana dakika kumi, wakamaliza kwa "heshima", na hapo akasaini, herufi kubwa, kama anavyosaini risiti.

Juni wakamwita kwenye bahasha. Hili hatukuwa tumelielewa vizuri, ingawa lilikuwa kwenye fomu: nusu ya watoto wangeanza kufundishwa mara moja, na nusu wangengoja miezi sita, ili Profesa aone tofauti. Nani wapi, ilikuwa kura. Lufuno alifungua bahasha mbele yake. Kungoja.

"Nipe nyingine," akasema Kidawa.

"Mama, ni moja kwa kila mtoto."

"Miezi mitatu, basi."

"Haipungui, mama."

"Hata bahasha ya kufungulia duka?"

"Hata hiyo."

Alirudi kuniambia, akiwa hajaamini bado, kwamba katika jiji hili lote kumbe kuna mahali pana bei moja. Hata Fordsburg, kwa Wahindi wa jumla walioandika ukutani kwa rangi nyekundu kwamba hawapunguzi, hupunguziwa. Kwenye bahasha hakuna.

Walimpa daftari. Kila juma aandike sauti mpya yoyote, maana yake, alimwambia nani, na mzazi alijibuje. Vinginevyo aendelee na maisha kama kawaida. Walisisitiza sana hilo la kawaida. Sasa Kidawa alikuwa amekaa saa tatu mbele ya kioo akimtazama Lufuno akifanya kazi: kitu kinyanyuliwe usawa wa macho, uliza mara moja, nyamaza mpaka kumi, chochote atakachotoa mtoto kijibu kama neno. Na kawaida ya Kidawa, tangu zile khanga, ni kwamba akiona mtu anafanya jambo linalolipa, kesho yake analifanya yeye.

Akaanza kuitafuta ndiyo.

Hakuna aliyekosa ushauri. Mimi nilisema amfundishe kunyanyua nyusi kama tufanyavyo pwani. Kumbe nyusi za Najma hupanda zenyewe, hata usingizini. Théodore alisema amfundishe kuguna. Alijaribu mwenyewe siku nne mfululizo, kisha akamwambia Kidawa kwa hasira, "Miaka yote unamufundisha kukatala. Sasa unataka aitike kwa juma moja?"

"Kwani wewe mkeo alikuitikia kwa siku ngapi?"

"Miaka mbili. Na ng'ombe."

Kidawa akabuni njia yake. Atampa Najma bei ambayo hakuna mwenye akili angeikataa. Asubuhi moja ya Julai, baridi ya kukata masikio, alimnyanyulia mbele ya macho kaimati sita kwa mpigo, za moto, zinang'aa sukari, zile anazozipenda kuliko roho yake. Sita, kwa mtoto aliyezoea mbili. Akanyamaza mpaka kumi.

Najma alizitazama kaimati. Alimtazama mama yake. Akasonya mfupi.

"Ya Rabi! Sita hizo!"

Lakini alimwelewa mara moja, kwani ni yeye aliyemlea. Mtu anayekupa nyingi haraka hivyo, nyuma anazo zaidi. Na kweli nyuma zilikuwapo nne. Alikuwa ameniwekea mimi.

Julai ikapita. Daftari lilikuwa na kurasa za "hakuna" kwa mwandiko wangu. Najma alitimiza miaka minane, tukala keki, naye akaikataa mara mbili kabla ya kuila. Nilimwona Kidawa anavyohesabu vidole akinyamaza mbele ya kijiko, mbele ya sweta, mbele ya chaneli za televisheni, mpaka akawa ananyamaza hivyo hata na wateja. Biashara ilipanda kidogo kwa sababu hiyo. Hakujali, na Kidawa asipojali faida, ujue kuna jambo.

Mwisho wa Agosti, mchana, alikuja bibi mmoja mzee. Hapa bibi huitwa gogo, neno ambalo kwetu ni kipande cha mti. Alikuwa ametembea kutoka robot ya pili, kama ziitwavyo hapa taa za barabarani, njia ikipanda, na kifua kinamlilia. Alishika pazia zito la kahawia, la mwisho la msimu, akataja bei. Ilikuwa nusu ya nusu. Kidawa akasonya, akaanza kulikunja. Gogo hakuondoka wala hakuongeza. Pumzi zilimwishia, akaketi kwenye kreti karibu na kiti cha Najma, na kwa kuwa alikuwa amekaa hapo, akamwuliza yeye kwa Kizulu: "Na wewe unasemaje?"

Kisha akanyamaza. Hakuwa akihesabu, alikuwa anatafuta pumzi. Ilimchukua zaidi ya kumi.

Mkono wa kulia wa Najma ulipanda, ukapotea njia, ukarudi, ukaangukia kibao cha kiti, pu! Mdomo ukafunguka wote. "Haa."

Hatukuwahi kuisikia. Cherehani ya Théodore ilisimama. Kidawa alilikunjua lile pazia, akalinyanyua usawa wa macho ya mwanawe.

"Najma. Kwa bei hii ya bibi?"

Kumi nzima.

"Haa." Pu.

"Mama'ngu, bei hiyo haitoshi hata uzi wa Fundi. Unakubali?"

Alinyamaza tena, na safari hii nilimwona anaomba kwamba asijibiwe, na anaomba kwamba ajibiwe, yote mawili kwa midomo iliyofungwa.

"Haa," akasema Najma, na macho yake yalikuwa kwa gogo, hayakuwa kwa pazia.

Angeweza kusema mtoto hajui biashara, na hakuna mtaani ambaye angemlaumu. Lakini neno la kwanza la kukubali la mtoto huyu, likikataliwa na mama yake mbele ya watu, nani angelijaribu tena? Kidawa alilikunja pazia mara nne, akalitia kwenye mfuko mzuri, ule wenye mpini, akampa gogo kwa mikono miwili. Gogo akahesabu sarafu zake, akamshukuru Najma, hakumshukuru Kidawa, akashuka na barabara.

"Mama Najma," akasema Théodore, "umepata hasara leo."

"Najua kuhesabu, Fundi."

Jioni kabla ya kufunga alileta daftari kwenye meza yangu. Niliandika tarehe. Sauti: haa, na mkono. Maana: ndiyo. Alimwambia nani: mteja. Nikafika kwenye safu ya mwisho, mzazi alijibuje, nikaanza kuandika kwamba mama alifurahi sana.

"Futa hiyo," akasema Kidawa. "Andika mama aliuza. Na wakiuliza kwa bei gani, waambie hiyo si ya utafiti."